MCB, RCD, RCBO au AFDD: breka ipi iende kwenye saketi ipi

Orodha ya vifaa anayoandika fundi umeme kabla ya kufunga sanduku la breka huwa fupi: breka za 10 mbili za taa, za 20 nne za soketi, ya 32 moja ya jiko, meni swichi ya 63. Ampea zimetajwa, aina haikutajwa. Muuza duka naye hatauliza. Atatoa MCB za kawaida, kwa sababu ndizo zilizojaa kwenye rafu na ndizo za bei nafuu. Taa zitawaka, friji litaganda, na mwenye nyumba ataridhika kwamba breka zipo.

Breka zote kazi yake ya mwisho ni moja, kukata umeme. Zinatofautiana katika kile kinachozishtua. MCB inashtuliwa na mkondo mwingi kupita kiasi. RCD inashtuliwa na mkondo unaopotea njiani. RCBO inashtuliwa na vyote viwili. AFDD inashtuliwa na cheche. Hitilafu ambayo breka haikutengenezwa kuitambua itaiacha ipite, hata kama inaua mtu au inachoma dari, na kesho yake ukiipima utaikuta nzima kabisa.

MCB: inalinda waya

Ndani ya MCB kuna vitu viwili vinavyoweza kuiangusha. Cha kwanza ni ukanda wa metali mbili zilizogandamana. Mkondo ukizidi kwa muda, ukanda unapata joto, unapinda na kuachia kitasa. Cha pili ni koili. Laivu (waya unaoleta umeme) ikigusana na nyutro (waya unaourudisha), yaani shoti, mkondo unaruka ghafla, koili inavuta chuma na breka inakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde.

Ukanda una subira kuliko watu wanavyodhani. Kwa kiwango cha kimataifa cha breka, IEC 60898, MCB ya 20A ikibeba ampea 22.6 haitakiwi kukata hata baada ya saa nzima. Ikibeba 29 lazima ikate, ila imepewa hadi saa moja. Subira hiyo imepangwa kulingana na waya: waya wa 2.5 mm² uliopita kwenye paipu ndani ya ukuta unahimili ampea ishirini na kitu. Sasa fundi akiitwa kwa sababu breka ya 20 "inasumbua", akaweka ya 32 bila kugusa waya, usumbufu utaisha siku hiyohiyo. Lakini waya uleule umeruhusiwa kubeba ampea 46 kwa karibu saa nzima kabla breka haijashtuka. Plastiki yake, ambayo kwa kawaida imepangiwa mwisho nyuzi 70 za Selsiasi, inalainika ndani ya plasta bila mtu kujua.

Kabla ya namba kuna herufi. B inakata papo hapo mkondo ukifika kati ya mara 3 na 5 ya namba yake, C kati ya 5 na 10, D kati ya 10 na 20. Madukani C ndiyo imejaa, na kwa nyumba ya mjini iliyo karibu na transfoma mara nyingi haina neno. Nyumba iliyo mwisho wa laini ni habari nyingine. Ikiwa upinzani wa mzunguko mzima wa shoti, kutoka transfoma hadi soketi na kurudi, ni ohmu 2, shoti haiwezi kuvuta zaidi ya ampea 115. B20 lazima ikate papo hapo ikifika 100. C20 inaruhusiwa kusubiri hadi 200, kwa hiyo hapo inaweza kukaa sekunde kadhaa huku waya ukichemka. Vijijini agiza B kwa taa na soketi, C ibaki kwa pampu na kiyoyozi vinavyovuta umeme mwingi vinapoanza, na D uiache karakana kwenye mashine ya kuchomelea.

Kwa mtu anayepigwa shoti, MCB haina msaada. Chukua mwili kuwa ohmu 1,000. Kwenye volti 230 unapitisha miliampea 230. Kiasi hicho kinatosha kuvuruga mapigo ya moyo, lakini kwa breka ya 20A ni kana kwamba umewasha balbu ya wati 53. Haina sababu ya kukata.

RCD: inahesabu kinachokwenda na kinachorudi

Ndani ya RCD, laivu na nyutro zinapita pamoja katikati ya pete moja ya chuma. Mkondo unaokwenda ukilingana na unaorudi, pete haioni chochote. Sehemu yake ikipita njia nyingine, iwe ni bodi ya friji (umbo lake la nje la chuma), ukuta wenye maji au mwili wa mtu, usawa unavunjika na kikoili kidogo kilichozungushwa kwenye pete kinaangusha breka. RCD ya kulinda watu ni ya miliampea 30. Kwa viwango vya IEC haitakiwi kukata chini ya 15, na lazima iwe imekata ikifika 30 ndani ya milisekunde 300. Upotevu ukiwa mara tano ya hapo, yaani miliampea 150, imepewa milisekunde 40 tu. Mtu atashtuka kweli, pengine ataruka, ila hatashikiliwa.

Mtego wa kwanza uko kwenye jina. Kile kinachouzwa kama RCD peke yake, chenye maandishi RCCB ubavuni, hakina ukanda wala koili ya shoti. Namba 40A au 63A iliyoandikwa juu yake ni kiasi inachoweza kubeba bila kuungua, na haitakata mkondo ukizidi hapo. Anayeng'oa MCB na kuweka RCCB mahali pake amepata ulinzi wa mtu na kupoteza ulinzi wa waya. RCCB lazima iambatane na MCB. Inayounganisha kazi zote mbili katika kifaa kimoja ndiyo RCBO. Hiyo utaitambua kwa sababu ina herufi na namba kama MCB, mfano C20 au B32, na pia imeandikwa 0.03A au 30mA.

Mtego wa pili ni ethi, njia ya kupeleka umeme uliopotea ardhini. Nyumba nyingi za kwetu hutegemea fimbo ya ethi iliyopigwa nje ya ukuta. Udongo ukiwa mkavu, upinzani wa fimbo moja kufika ohmu 50 si jambo la ajabu. Laivu ikigusa bodi ya friji, mkondo unaopita kwenda ardhini ni 230 ukigawa kwa 50, yaani ampea 4.6. MCB ya 20 itakaa imewashwa hadi Krismasi, na bodi ya friji itabaki na karibu volti 230 ikimsubiri mtoto anayekuja pekupeku. RCD ya miliampea 30 inakata mara moja kwa ampea 4.6, na ingekata hata kama fimbo ingekuwa ya ohmu 200, maana hapo bado zinapita ampea 1.15. Kwa nyumba inayotegemea fimbo, kwa hiyo, RCD ni sehemu ya wayaringi kama soketi zilivyo.

Kitufe cha T hakipimi ethi. Ukikibonyeza, RCD inapitisha mkondo mdogo kwenye kizuizi kilicho ndani yake yenyewe na kuona kama itaanguka. Itaanguka vizuri hata nyumba isiyo na fimbo. Bonyeza walau kila miezi sita, kwa sababu kifaa kilichokaa miaka bila kusogea kinaganda, hasa Pwani ambako chumvi ya hewa inakula chuma. Kupima ethi na kupima RCD inakata kwa milisekunde ngapi ni kazi ya fundi mwenye mita yake. Mwulize namba, na umwombe akuandikie.

Kuna pia herufi za RCD, na hizi zinachanganya watu kwa sababu moja inafanana na herufi ya MCB. AC inatambua upotevu wa mkondo wa kawaida unaopanda na kushuka. A inatambua pia ule uliokatwakatwa, unaotokana na vifaa vyenye elektroniki: mashine ya kufulia, kompyuta, taa za LED, jiko la indaksheni. F ni ya vifaa vya inverta ya fezi moja, B inatambua hadi mkondo wa moja kwa moja. Tatizo la AC haliishii kwenye kutotambua: mkondo wa moja kwa moja unaovuja kutoka kwenye kifaa kimoja unaweza kuilemaza pete, isikate hata mtu akishika laivu sehemu nyingine. Nyumba ya leo ina elektroniki kila chumba. Nunua A. Alama zake zimechorwa ubavuni: AC ni wimbi moja ndani ya mraba, A ina wimbi hilo na chini yake vilima vilivyokatwa nusu.

RCD moja ya nyumba nzima, au RCBO kwa kila saketi?

Njia rahisi ni RCCB moja ya 63A baada ya meni swichi, na MCB zote nyuma yake. Inafanya kazi, na kwa nyumba ya vyumba viwili haina ubaya mkubwa. Shida inaanza nyumba ikikua. Kila kifaa chenye elektroniki kinavujisha kidogo kwenye ethi hata kikiwa kizima. Kompyuta au mashine ya kufulia inaweza kuvujisha miliampea moja hadi tatu. BS 7671, kanuni za Uingereza ambazo mafundi wengi wa Afrika Mashariki wamesomea, zinataka uvujaji huo wa kawaida usizidi asilimia 30 ya RCD, yaani miliampea 9 kwa RCD ya 30. Televisheni tatu, kompyuta mbili, friji, mashine ya kufulia na inverta vikiwa nyuma ya RCD moja, umeshakaribia. Mvua ikilowesha taa ya nje, nyumba nzima inaingia giza saa nane usiku na samaki wa friji wanaoza kwa sababu ya balbu ya getini.

RCBO kwa kila saketi inaondoa hayo yote. Inayoanguka inakuonyesha yenyewe tatizo liko wapi. Bei ya jumla inapanda, ndiyo, lakini fundi hatapoteza siku kutafuta. Suluhisho la katikati ni RCCB mbili, taa upande mmoja na soketi upande wa pili, huku friji likipewa RCBO yake.

Ukishaamua RCBO, kosa linalorudiwa zaidi ni nyutro. RCBO nyembamba ya moduli moja ina mkia wa waya, mara nyingi wa bluu, unaokwenda kwenye baa ya nyutro. Nyutro ya saketi, ile inayorudi kutoka soketi, haiendi kwenye baa. Inaingia kwenye skrubu ya N ya RCBO yenyewe. Fundi aliyezoea MCB anaifunga kwenye baa kwa mazoea, RCBO inaona mkondo unatoka na haurudi, na inaanguka kila kifaa kikiwashwa. Halafu inasemekana RCBO ni mbovu. Angalia pia upande wa kuingilia na wa kutokea. Kwenye nyingi za elektroniki, kugeuza kunaua kitufe cha T siku ya kwanza kikibonyezwa.

Jambo moja zaidi ambalo wauzaji hawalisemi: RCCB za kimakenika zinakata kwa nguvu ya mkondo uliopotea wenyewe, hivyo zinafanya kazi hata nyutro ikikatika nje. RCBO nyingi za elektroniki zinahitaji nyutro ili ziwe macho. Nyutro ikikatika kwenye nguzo, laivu bado ipo ndani na RCBO imelala. Mtaa ambao nyutro hukatika mara kwa mara, RCCB ya kimakenika mbele ya RCBO, ikiwa ya miliampea 100 au 300 ya aina ya S inayochelewa kidogo, ni pesa iliyotumika vizuri. Ya 300 hailindi mtu, lakini inakata uvujaji kabla haujawa moto: miliampea 300 kwenye volti 230 ni wati 69, joto linalotosha kuunguza mbao likikaa sehemu moja.

RCD ikianguka, kabla ya kuilaumu

Wengi wanaiondoa RCD kwa sababu "inakatakata". Utafutaji una mpangilio wake. Zima MCB zote, kisha pandisha RCD. Ikikaa, pandisha MCB moja moja. Ile inayoiangusha ndiyo saketi yenye shida. Chomoa kila kitu kwenye saketi hiyo, na kuchomoa maana yake plagi itoke ukutani, kwa sababu swichi ya soketi nyingi inakata laivu pekee. Ikipanda, rudisha kifaa kimoja kimoja. Mara nyingi mkosaji ni kilichochemsha maji: birika, hita ya maji, pasi ya mvuke.

RCD ikikataa kupanda hata MCB zote zikiwa chini, wengi hapo ndipo wanakata tamaa na kusema imekufa. Kumbe MCB ya pole moja inakata laivu tu, nyutro inabaki imeunganishwa. Nyutro ikigusana na ethi mahali fulani, labda msumari wa picha umepita kwenye waya au boksi la soketi limeingia maji, sehemu ya mkondo wa nyutro inashuka kwenye ethi na RCD inaanguka. Zima meni, fungua nyutro zote kwenye baa, kisha zirudishe moja moja ukijaribu kila hatua, ukizima meni kila unapogusa skrubu. Kosa lingine la aina hii ni nyutro ya kuazima: taa ya ngazi imechukua laivu saketi ya juu na nyutro saketi ya chini. Kwa MCB haionekani miaka yote. Siku unayoweka RCBO inajitokeza, na si RCBO iliyoileta.

Shawa ya umeme ya kuchemsha maji papo hapo inastahili maneno yake. Aina ya bei nafuu ina waya wa kupashia ulio uchi ndani ya maji. Maji ya kisima yenye chumvi yanapitisha umeme, uvujaji unavuka miliampea 30, RCD inaanguka kila mtu akioga. Dawa inayotumika zaidi ni kuiruka RCD, ambayo ni kumtoa mlinzi mahali pekee nyumbani ambapo mtu yuko uchi, amelowa na amesimama juu ya sakafu yenye maji. Nunua shawa yenye elementi iliyofunikwa, inayouzwa kwa ajili ya maji ya chumvi, na uipe saketi yake: shawa ya kilowati 5.5 inavuta ampea 24, waya wa 6 mm², RCBO ya 32A ya miliampea 30, na swichi ya pole mbili nje ya bafu.

AFDD: inasoma cheche

Ripoti za moto huishia kwenye maneno "hitilafu ya umeme". Hitilafu mbili kati ya hizo hazionekani na MCB wala RCD. Ya kwanza ni waya uliokatika nusu, au skrubu ya soketi iliyolegea. Mkondo unaruka pengo dogo na kutoa cheche mfululizo, zenye joto la maelfu ya nyuzi pale zinaporukia. Pasi ya wati 2,000 inavuta ampea 8.7 hivi, cheche zikiwa njiani, mkondo unapungua badala ya kuongezeka, hivyo MCB imetulia. Hakuna kinachopotea kwenda ethi, hivyo RCD nayo imetulia. Plastiki inageuka mkaa, na mkaa unapitisha umeme, hivyo cheche zinashamiri zaidi. Ya pili ni laivu na nyutro zinazogusana kwa kudonoana, kama waya wa ekstensheni uliobanwa na mguu wa kitanda. Mkondo unapanda kwa mapigo mafupi mno kuishtua MCB.

AFDD ina kompyuta ndogo inayosoma umbo la mkondo na kelele zake za masafa ya juu, ikatofautisha cheche za hatari na zile za kawaida za brashi za drili au za swichi. Kiwango chake ni IEC 62606, kilichotoka 2013. Kwenye volti 230 inatakiwa kukata cheche za mkondo wa ampea 2.5 ndani ya sekunde moja, za ampea 10 ndani ya robo sekunde, na za 32 ndani ya sekunde 0.12. Kazi yake inafika hadi mwisho wa waya, ikiwemo ekstensheni na waya wa kifaa kilichochomekwa.

Mipaka yake nayo ni ya kujua. Skrubu iliyolegea inayopata moto polepole bila kutoa cheche haitaitambua hadi cheche zianze. Kwa hiyo kukaza skrubu kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa breka, na kuzirudia baada ya mwaka mmoja, kunazuia moto mwingi kwa bei ya bisibisi. Pili, AFDD tupu haimlindi mtu. Ziko zinazouzwa zikiwa na RCBO ndani, na hizo ndizo za kununua. Tatu, ni moja kwa kila saketi, iliyofungwa mwanzo wa saketi kwenye sanduku, na bei ya moja inanunua RCBO kadhaa. Nne, madukani mengi hutaipata, huagizwa.

Uingereza, toleo la 2022 la marekebisho ya BS 7671 lilizilazimisha kwa saketi za soketi zisizozidi 32A kwenye majengo marefu ya makazi yenye hatari zaidi, nyumba za kupangisha watu wengi, hosteli za wanafunzi na nyumba za kutunzia wazee. Kwingine zinapendekezwa. Orodha hiyo inaonyesha mawazo yake: mahali watu wengi wanalala na kutoka haraka ni kazi.

| Hitilafu | MCB | RCCB 30mA | RCBO 30mA | AFDD yenye RCBO |
|---|---|---|---|---|
| Vifaa vingi mno kwenye waya mmoja | Inakata | Haikati | Inakata | Inakata |
| Laivu kugusa nyutro sawasawa | Inakata | Haikati | Inakata | Inakata |
| Bodi ya chuma kupata laivu, ethi ya fimbo | Kwa kawaida haikati | Inakata | Inakata | Inakata |
| Mtu kushika laivu akiwa amegusa ardhi | Haikati | Inakata | Inakata | Inakata |
| Mtu kushika laivu na nyutro tu | Haikati | Haikati | Haikati | Haikati |
| Cheche kwenye waya uliokatika nusu | Haikati | Haikati | Haikati | Inakata |

Nyutro ya fezi tatu ikikatika mtaani na volti zikapanda kuelekea 400, MCB, RCCB na RCBO hazijui lolote. Baadhi ya AFDD hukata volti zikizidi takriban 275, lakini usiinunue kwa hilo. Kilinzi cha volti cha kufunga kwenye sanduku ni cha bei nafuu zaidi na ndiyo kazi yake.

Pesa ikiwa na kikomo

Kwanza ethi ipimwe. Kisha RCBO ya 30mA ya aina A kwa soketi zote, bafu, jiko na chochote kilicho nje: pampu, taa za uwanja, getini. Taa za ndani zinaweza kubaki nyuma ya MCB na RCCB ya pamoja. Hapo umeshughulikia vifo vingi vya umeme wa nyumbani.

AFDD ninaiweka baada ya hapo, na si kila mahali. Nyumba ya makuti Lamu au Zanzibar yenye waya uliopita kwenye boriti inastahili AFDD kwenye kila saketi inayogusa paa, kwa sababu cheche moja haina muda wa kusubiri zimamoto. Hosteli ya wanafunzi ambako kila kitanda kina ekstensheni, AFDD kwenye saketi za vyumba. Jengo la zamani lenye waya uliokauka plastiki, hapo badilisha waya kwanza; AFDD juu ya wayaringi mbovu itakatakata hadi mtu aichoke na kuitoa. Nyumba mpya ya tofali na bati, yenye waya mpya kwenye paipu, pesa ya AFDD iende kwenye RCBO zilizobaki.

Wenye sola au jenereta waangalie swichi ya kubadilishia. Lazima ikate nyutro pamoja na laivu. Nyutro ya gridi na ya inverta zikibaki zimeshikana, RCD itaanguka kila ukibadilisha. Na inverta ikiwa nje ya gridi bila nyutro yake kuunganishwa na ethi sehemu moja, mkondo uliopotea hauna njia ya kurudi, kwa hiyo RCD iliyo nyuma yake inaweza isikate hata bodi ya kifaa ikiwa na laivu. Mwenye kufunga inverta aulizwe swali hilo kabla ya kulipwa.

Breka za Marekani

Ndugu walioko Marekani wakati mwingine hutuma breka wakidhani wanasaidia. Huko RCD huitwa GFCI, na inakata kati ya miliampea 4 na 6. Iliasisiwa na Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1961, na kanuni za 1975 zililazimisha iwekwe kwenye mabafu ya nyumba mpya. AFDD huitwa AFCI, nayo ililazimishwa kwa saketi za vyumba vya kulala kuanzia 2002. Zimetengenezwa kwa volti 120 na Hertz 60, haziingii kwenye reli ya DIN (ukanda wa chuma ambao breka hubanwa juu yake) ya masanduku ya huku, na kipimo cha miliampea 5 kwenye saketi ndefu yenye vifaa vingi kingekuwa kinaanguka ovyo. Zibaki huko.

Anayeishi huko naye awe macho na neno moja kwenye boksi: AFCI iliyoandikwa "combination" inaunganisha aina mbili za cheche, na haimaanishi kwamba GFCI imo ndani. Yenye vyote viwili huandikwa "dual function", na ndiyo ya jikoni na chumba cha kufulia.

Dukani, kabla ya kulipa, soma ubavu wa kifaa. Uone herufi na ampea, mfano B20, 6000 ndani ya kisanduku, maana inahimili kukata shoti ya ampea elfu sita, na ya 3000 uiache, 230/400V, IΔn 0.03A (yaani miliampea 30 za upotevu) kwa RCD au RCBO. Alama ya A. Namba ya kiwango, 60898 kwa MCB, 61008 kwa RCCB, 61009 kwa RCBO, 62606 kwa AFDD. Na alama ya shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, kulingana na uliko. Maandishi yanayofutika kwa kidole ni sababu ya kutosha kwenda duka la pili. Breka iliyoandikwa 61008 ambayo muuzaji anakuapia kuwa ni RCBO ni RCCB, na bado utahitaji MCB mbele yake.